Kuosha Filamu Nyeusi-Nyeupe Nyumbani Kisumu: Joto Kwanza, Giza Baadaye

Karibu kila karatasi inayokuja na dawa za kuoshea filamu imeandikwa kwa ajili ya mtu anayefungua bomba na kupata maji ya digrii 20. Huku kwetu Migosi tanki la juu ya paa linashinda juani kutwa, na saa tisa alasiri maji yake unayaogea bila kuyapasha moto. Changanya dawa na maji hayo, kisha ufuate dakika zilizo kwenye karatasi, na negativi, yaani filamu iliyooshwa yenye weusi na weupe uliogeuzwa, zitatoka nzito, nyeusi kupita kiasi, nawe utailaumu kamera bure. Wanaoanza huniuliza sana kuhusu giza. Giza si shida: usiku upo, na stima hupotea bila kuombwa. Kazi iko kwenye joto na maji, kwa hiyo humo ndimo nitakamokaa zaidi.

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika shule ya upili. Kupima mililita na digrii ndiyo riziki yangu, lakini filamu naziosha bafuni kwangu, chumba kisicho na dirisha chenye ndoo mbili na kigoda, na vifaa vyangu karibu vyote unaweza kuvipata bila kuwa na maabara.

Vitu vya kutafuta

Kifaa kimoja tu ndicho cha kununua rasmi: tanki la kuoshea filamu pamoja na rili yake, ile fremu ya mviringo ambayo filamu huzungushwa ndani yake. Langu ni la Paterson, la plastiki, na kwa rili moja ya filamu ya milimita 35 linahitaji mililita 290 za dawa. Mimi huchanganya 300 ili hesabu iwe nyepesi. Mengine ni ya kawaida: chombo cha kupimia chenye alama za mililita, faneli, beseni pana, mkasi, kifungua chupa, vibanio vya nguo, glavu, na saa yenye mshale wa sekunde au simu. Kipimajoto kiwe kile kinachoanzia sifuri au karibu na hapo. Cha kupimia homa hakifai. Kinaanzia digrii 35 hivi, na dawa yako ikifika huko umeshaharibu kazi.

Vyombo vya filamu visirudi jikoni tena, hata ukiviosha mara ngapi. Na usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda. Nyumba zetu zina watoto, wageni na shemeji wenye kiu. Nunua chupa nzito zisizopitisha mwanga, uziandike kwa kalamu ya wino usiofutika: jina la dawa na tarehe uliyoichanganya.

Kwa filamu ya kwanza nakushauri HP5 Plus ya Ilford, ya kasi ya ISO 400, kwa sababu inasamehe. Ukikosea mwanga kidogo au dakika kidogo, bado utapata picha. Divelopa, ile dawa ya kwanza inayotokeza picha, iwe ID-11 ya kampuni hiyohiyo. Huja kama unga katika pakiti mbili, A na B. Unaanza na maji ya digrii 40 hivi, unayeyusha A yote mpaka isionekane chembe, kisha B, halafu unaongeza maji mpaka ifike lita 1. Iache ipoe, usiku kucha ikiwezekana. Chupa ikijaa mpaka shingoni dawa hukaa miezi 6. Ikibaki nusu, hewa inaanza kuila, na mimi huipa mwezi mmoja tu.

Fiksa ndiyo inayoondoa chumvi za fedha ambazo hazikupata mwanga. Sodiamu thiosalfeti imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu John Herschel alipoonyesha, mwaka 1839, kwamba inafaa kuimarisha picha. Uwezo wake wa kuyeyusha chumvi za fedha alikuwa ameugundua miaka 20 kabla. Ukikosa fiksa ya wapiga picha, ulizia fiksa ya filamu za eksirei kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Hospitali nyingi zimehamia kompyuta, lakini dawa hiyo bado inapatikana, na inafanya kazi vizuri kwa filamu zetu. Divelopa ya eksirei iache hapohapo dukani. Ni kali, na inafanya weupe na weusi vigombane bila rangi ya kati.

Kupakia filamu gizani

Kwanza toa sadaka filamu moja iliyoharibika. Kaa sebuleni mchana, uipakie kwenye rili ukiangalia, kisha ukiwa umefumba macho, kisha ukiwa unazungumza na mtu. Vidole vikijua, ndipo uingie gizani.

Bafu langu nalifunga usiku baada ya saa mbili. Blanketi chini ya mlango, leso kwenye tundu la kitasa, taa ya nje ya jirani nimeshaihesabu. Kaa kimya dakika 5. Ukiuona mkono wako, bado kuna mwanga unaopenya, utafute. Simu iache nje, na saa yenye mishale inayong'aa pia. Wengine hudhani taa nyekundu inaruhusiwa kwa sababu wameiona kwenye sinema. Taa hiyo ni ya karatasi ya kuchapia picha, ambayo haioni wekundu. Filamu kama HP5 inaona rangi zote, na itaungua.

Panga vitu sakafuni kwa mpangilio usiobadilika: mkasi kulia, kifungua chupa kando yake, rili, nguzo ya katikati ya tanki, tanki, kifuniko. Zima taa. Bandua kifuniko cha mkebe wa filamu kwa kifungua chupa, toa filamu, kata ule ulimi mwembamba wa mwanzo ili ncha iwe sawa, na uzikate pembe zake kidogo ziwe za mviringo. Pembe kali ndizo zinazokwama. Ingiza ncha chini ya vijipira vya chuma vya rili, vuta kidogo, kisha zungusha pande mbili za rili kwa zamu, mbele na nyuma, filamu ijiingize yenyewe. Mwishoni kata mahali inaposhikana na kigurudumu chake.

Hapa joto letu linaingia tena. Rili ikiwa na unyevu hata kidogo, filamu inanata na kukataa kusonga, na mikono yenye jasho inafanya vivyo hivyo. Mfuko wa giza, ule wa kuingiza mikono, ni mzuri kwa mtu wa Limuru, kule kwenye baridi. Kisumu ndani yake baada ya dakika 3 kuna mvuke. Nawa kwa maji baridi, jifute vizuri, na ufanye kazi hii usiku wa manane au kabla ya alfajiri. Filamu ikikwama usiilazimishe, itajikunja na kuacha alama kama miezi michanga kwenye picha. Itoe, uiweke yote ndani ya tanki pamoja na nguzo yake, funga, washa taa, pumzika, ufute rili, uzime taa, uanze upya.

Usisahau nguzo ya katikati. Ndiyo inayozuia mwanga usipite kwenye tundu la kumiminia. Bila hiyo tanki ni sufuria tu. Kifuniko kikishalia, washa taa. Kuanzia hapo kila kitu kinafanyika kweupe, hata mezani.

Digrii 20 zinapatikanaje

Utachanganya ID-11 sehemu 1 na maji sehemu 1: mililita 150 za dawa, mililita 150 za maji. Kwa HP5 Plus, mchanganyiko huo katika digrii 20 unahitaji dakika 13. Sasa tumia hesabu ya darasa la sita. Dawa kabatini ina digrii 26. Maji yakiwa na digrii 14, ukichanganya nusu kwa nusu unapata 20. Kwa hiyo usihangaike kupoza dawa, poza maji. Weka chupa ya maji kwenye friji, kisha uyachanganye na ya bombani mpaka kipimajoto kisome 14. Dawa ikiwa na 27, maji yawe 13. Huna friji? Mama wa duka la soda hatakunyima nafasi ya chupa moja.

Beseni nalo lipozwe. Nagandisha maji kwenye chupa za nusu lita, bila kuzijaza mpaka juu kwa sababu barafu hupanuka, kisha nazitumbukiza zikiwa zimefungwa. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ile ya kubebea ipigwe marufuku Agosti 2017 chupa imekuwa njia safi zaidi, na inarudi kwenye friji. Siku ambayo stima imepotea tangu asubuhi, barafu ya wauza samaki inafaa kabisa, mradi isiguse dawa. Utavumilia harufu ya ngege bafuni, basi.

Ndani ya beseni hilo la digrii 20 weka chupa ya divelopa, fiksa, maji ya kusuuzia na tanki lenyewe. Dawa zisipishane joto kwa zaidi ya digrii chache; filamu ikitolewa kwenye ubaridi na kuingizwa kwenye umoto ghafla, utando wake unaweza kujikunja.

Ukishindwa kabisa kufikia 20, usipigane. Punguza muda kwa takriban asilimia 10 kwa kila digrii inayozidi: digrii 22 ni kama dakika 11, digrii 24 ni kama 9. Juu ya 24 mimi siendi. Muda ukiwa mfupi mno, chini ya dakika 5, dawa haishiki sawasawa na anga linatoka na mabaka. Mpwa wangu yuko Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, naye Julai asubuhi ana shida ya kinyume: maji ya digrii 17 au 18. Yeye anayapasha kidogo, au anaongeza muda; kwenye 18 dakika 13 zinakuwa kama 16.

Kuosha kwenyewe

Anza na maji matupu ya digrii 20 kwa dakika 1. Wataalamu hubishana kama hatua hii inahitajika. Ulaya pengine haihitajiki. Hapa tanki, rili na filamu vimekaa kwenye chumba cha digrii 28, na ukimimina divelopa moja kwa moja vitaipasha. Maji yakitoka na rangi ya ajabu usishtuke, ni rangi ya nyuma ya filamu tu.

Mimina divelopa haraka, anza kuhesabu. Pindua tanki juu chini mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, kisha uligonge sakafuni ili viputo vya hewa vibanduke. Lirudishe ndani ya beseni. Kila dakika inapoanza, pindua tena mara 4 katika sekunde 10. Lishike kwa ncha za vidole, usilikumbatie kwa viganja. Mwili wako una digrii 37. Zikibaki sekunde 10 za mwisho, anza kumwaga. Divelopa iliyochanganywa na maji ni ya filamu moja, haihifadhiwi.

Kisha siki nyeupe ya dukani, ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, kwa sekunde 30. Inasimamisha divelopa papo hapo na kuikinga fiksa isichoke mapema.

Fiksa ya haraka, kama Rapid Fixer ya Ilford, unaichanganya sehemu 1 kwa maji 4 na kuiacha dakika 3 mpaka 5 ukipindua kama mwanzo. Usiamini saa pekee, ipime. Kile kipande cha ulimi ulichokata, kitumbukize kwenye fiksa kabla ya kuanza na uhesabu sekunde mpaka kiwe wazi kabisa. Zidisha mara 2. Huo ndio muda wa chini. Fiksa inarudi chupani na kutumika tena, mpaka utakapoona kipande kinachukua muda maradufu ya ilivyokuwa mpya. Hapo imekufa.

Sasa unaweza kufungua tanki na kuchungulia. Nimeona watu wazima wakipiga kelele.

Kusafisha kwa maji yanayotiririka nusu saa, kama vitabu vya zamani vinavyoagiza, ni anasa ya mji wenye maji kila siku. Ilford wana njia ya kubana maji. Jaza tanki, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Kwa fiksa ya haraka isiyo na dawa ya kugandisha utando, hiyo inatosha. Maji yote hayafiki lita 1, na mtungi wa lita 20 wa siku ya mgao unakutosha na kukubakishia ya kupikia.

Mwisho kabisa, suuza kwa maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, yenye tone moja tu la sabuni ya vyombo. Soma kibandiko: maji ya betri, si asidi ya betri. Maji haya hayana chokaa, kwa hiyo hayaachi madoa yakikauka. Ining'inize filamu kwa kibanio juu na viwili chini viivute. Bafu lifungwe, feni isiwashwe, na taa izimwe. Hilo la taa ni la wakazi wa kando ya ziwa. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka Ziwa Victoria kama moshi hufuata mwanga, na filamu mbichi ni gundi kwao. Mdudu akishakauka juu ya uso wa bibi arusi, hakuna namna ya kumtoa.

Njia ya kahawa

Dawa za kizungu zikichelewa njiani, kuna divelopa unayoweza kuitengeneza kwa vitu vya mjini. Ilianza mwaka 1995 huko Marekani, Rochester, ambako Scott Williams na wanafunzi wake wa kemia ya picha waligundua kwamba kahawa ikitiwa kwenye sodiamu kaboneti inaosha filamu. Baadaye watu waliongeza vitamini C na kazi ikawa ya kasi zaidi.

Kwa mililita 300: sodiamu kaboneti kavu gramu 16, vitamini C ya unga gramu 5, kahawa ya kuyeyuka papo hapo gramu 12. Yeyusha kaboneti kwanza, kisha vitamini C, itatoa mapovu, kisha kahawa. Subiri viputo viishe. Dakika 15, digrii 20. Baada yake tumia maji badala ya siki. Kahawa iwe ile ya bei ya chini kabisa, bila maziwa wala sukari. Kuinunulia filamu kahawa ya watalii ni kujipenda. Vitamini C iwe safi, si vile vidonge vya watoto vyenye ladha ya chungwa.

Kaboneti ndiyo inayowachanganya watu. Magadi ya mawe tunayolainishia mrenda, yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti pamoja na uchafu wake, na nguvu yake haitabiriki. Soda ya mandazi ni baikaboneti tupu, haitaosha chochote. Nenda maduka yanayouzia watengeneza sabuni malighafi, uulize soda eshi, ambalo ndilo jina la dukani la kaboneti. Ukikosa, weka soda ya mandazi kwenye oveni ya digrii 200 kwa saa moja. Inatoa mvuke na gesi na kubaki kaboneti. Gramu 100 zinapungua mpaka 63, na uzito ukikoma kushuka ujue imeiva.

Tumia filamu za kasi ndogo kwa njia hii, kama Fomapan 100. Zile za 400 hufunikwa na ukungu wa kijivu usipoongeza potasiamu bromidi. Na mwambie mwenye nyumba mapema. Harufu yake ni mbaya.

Ukishaona negativi

Anza na kingo. Zile namba na maandishi ya kiwandani huchapwa na mwanga kabla filamu haijakufikia. Zikiwa wazi na nyeusi lakini picha hazipo, kuosha kwako ni sawa. Filamu haikusogea ndani ya kamera au kifuniko cha lenzi hakikutolewa. Zikiwa hazipo kabisa, divelopa ilikufa au ulianza na fiksa. Zikiwa hafifu pamoja na picha, muda au joto lilipungua. Kila kitu kikiwa cheusi kizito, joto lilikushinda. Filamu yenye weupe wa maziwa haijafikswa vya kutosha: irudishe kwenye fiksa mpya, hata kesho yake, kisha uisafishe tena.

Kata vipande vya picha 6 6 na uvihifadhi kwenye bahasha za karatasi, mbali na unyevu. Kuzihamishia kwenye simu, washa skrini nyeupe ya simu ya pili, inua negativi sentimita chache juu yake ili nukta za skrini zisionekane, piga kwa lenzi ya karibu, kisha ugeuze rangi kwa programu yoyote ya picha.

Fiksa iliyokufa usiimwage mtaroni. Ina fedha iliyoyeyuka, na mitaro yetu inaishia ziwani, ambako dagaa na mbuta wetu wanatoka. Itie kwenye ndoo ya plastiki pamoja na sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu. Ile inayong'aa daima haifai. Chuma kinayeyuka, fedha inajitenga na kutuama chini kama tope jeusi. Iache siku kadhaa, funika ndoo, uandike juu yake kwa herufi kubwa.